Mtungi wa naitrojeni na korosho ghafi

Nimepotea kidogo, najua. Wawili kati yenu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Hapana. Wiki iliyopita nilikuwa Arusha, na nimerudi na stori ambayo mhariri wangu ameikataa. Aliisoma nusu, akavua miwani, akaniuliza: "Humu ndani waziri yuko wapi?" Nikamwambia hakuna waziri. "Basi nani kaiba?" Nikamwambia hakuna aliyeiba. Akanirudishia karatasi zangu. Kwa hiyo naiweka hapa uwanjani kwangu, ambako hakuna mhariri na hakuna mshahara.

Stori inamhusu jamaa niliyekaa naye chumba kimoja Mlimani. Tulimwita Dokta tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu umeme ukikatika wengine tunatoka kupiga soga, yeye anawasha tochi ya simu na kuendelea kusoma. Mimi nilisoma uandishi wa habari, yeye kemia. Baadaye alipata nafasi Uingereza, akakaa miaka minne na ushee, akarudi mwaka jana akiwa daktari wa kweli. Tulipokutana nilimuuliza swali ambalo kila aliyerudi huulizwa: ulikuwa unafanya nini huko?

"Kaka, nilikuwa nagandisha fuwele."

Nilicheka. Miaka minne unagandisha? Mama wa mtaani kwetu anagandisha barafu za ubuyu kila siku na hakuhitaji viza. Leo naandika kumwomba radhi kwa kicheko kile, na pia kusema jambo ambalo naamini wakubwa wetu wanalikosea.

Nianze na fuwele zenyewe. Protini ni mashine ndogo ndogo zinazoendesha mwili. Himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu ni protini. Vimeng'enya vinavyosaga ugali tumboni ni protini. Kimelea cha malaria nacho kina protini zake zinazokiweka hai. Ukitaka kutengeneza dawa itakayoingia kwenye protini ya kimelea kama ufunguo kwenye kufuli, ni vizuri kwanza ulione tundu la kufuli. Lakini ni dogo mno. Hadubini ya shuleni haifui dafu hapo.

Njia iliyotumika kwa miongo mingi ni hii. Unazishawishi protini zijipange safu kwa safu kama askari wa gwaride, mpaka zinakuwa fuwele, punje inayong'aa kama chembe ya chumvi. Unaipiga punje hiyo kwa eksirei. Mionzi inatawanyika na kuacha madoa, na kutokana na madoa hayo unakokotoa umbo. Msingi wa njia hii uliwekwa 1912 na Mjerumani Max von Laue. Mwaka 1958 Mwingereza John Kendrew na wenzake wakatoa picha ya kwanza ya umbo la protini, mayoglobini, iliyoko kwenye misuli.

Tatizo ni kwamba eksirei inayokupa picha ndiyo hiyo hiyo inayoiua fuwele. Karibu nusu ya fuwele ya protini ni maji. Mionzi ikipita inavunja molekuli na kuzaa chembe kali zinazotembea ndani ya maji hayo na kuwaharibu majirani. Zamani fuwele moja ikichoka waliitoa, wakaweka nyingine, kisha nyingine, halafu wakaunganisha vipande vya taarifa. Ilipokuja mitambo mikubwa ya sinkrotroni, yenye mionzi mikali kuliko mashine za hospitali mara nyingi mno, fuwele zikawa zinakufa hata kabla hujapata unachotaka.

Dawa ikawa baridi. Siyo baridi ya Makambako mwezi wa saba. Naizungumzia nyuzi 173 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo zile chembe kali zinakwama zilipo, na fuwele moja inadumu kwenye mionzi mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa.

Hapo ndipo kazi ya Dokta inapoanza. Maji yakiganda yanatanuka. Nani hajawahi kusahau chupa ya maji kwenye friza akaikuta imepasuka? Weka nyanya kwenye friza, kisha itoe uiache iyeyuke, uone inavyokuwa uji. Fuwele ya protini ni dhaifu kuliko nyanya. Maji ndani yake yakigeuka barafu, lile gwaride lote linavurugika. Kwa hiyo unatakiwa kuyagandisha maji bila kuyafanya barafu. Yagande kama kioo cha dirisha, kila molekuli ikibaki pale pale ilipokuwa, bila kupata muda wa kujipanga.

Nilimwambia Dokta haya ni maneno ya darasani. Akasema, twende nikuonyeshe.

Kwao ni Arumeru. Jirani pale Usa River kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachozalisha mbegu za madume bora ya ng'ombe, pamoja na naitrojeni ya kimiminika ya kuzihifadhi. Rafiki wa baba yake ni mzee ambaye amepandisha ng'ombe kwa mrija maisha yake yote. Tulimkuta nyumbani asubuhi, pikipiki nje, mtungi wake kando ya mlango. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mmekuja na ng'ombe?" Dokta akamweleza. Mzee akacheka, akafungua madirisha yote (naitrojeni ikifuka ndani ya chumba kilichofungwa inafukuza hewa, unaweza kuzimia na usiamke), akatumiminia kidogo kwenye boksi jeupe la kuhifadhia samaki. Ilichemka na kutoa ukungu kama sufuria jikoni, ila ni ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Dokta alitoa uzi wa nailoni, akaukunja kitanzi kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, akaufunga kwenye sindano. Akachovya kitanzi kwenye maji ya kunywa. Tone likanasa kama sabuni ya mapovu ya watoto. Akalizamisha haraka kwenye naitrojeni. Tone likawa jeupe pee, kama kipande cha chaki.

Kisha akaomba glisirini. Ile ile ya kupaka midomo wakati wa baridi, mke wa mzee alikuwa nayo kwenye kichupa. Akachanganya na maji, akaongeza na kuonja kwa majaribio mpaka akaridhika, akachovya tena, akazamisha tena. Tone likatoka safi. Unaona ng'ambo. Limeganda gumu kama jiwe, lakini ni kioo.

"Lile jeupe ni fuwele iliyokufa," akasema. "Hili ni fuwele iliyo hai."

Wadau, nilikaa kimya. Hapo nikamkumbuka yule mama wa barafu za ubuyu. Siku akiweka sukari nyingi, barafu inakuwa laini, unaing'ata kirahisi. Siku sukari imepanda bei, unatafuna mawe. Yeye anajua kwa ulimi kile ambacho Dokta amekisomea: kuna vitu ukiviyeyusha kwenye maji vinayazuia yasijipange kuwa barafu.

Kwenye maabara kazi ni hiyo hiyo, ila kila kosa ni la gharama. Fuwele inaweza kuwa na upana wa unywele mmoja au miwili. Unaitazama kwa hadubini, unaivua kutoka kwenye tone lake kwa kitanzi cha nailoni. Unaipitisha kwenye kimiminika chenye glisirini, mara nyingi asilimia 20 hadi 30. Ikizidi au ukiiingiza kwa pupa, fuwele inapasuka au inayeyuka mbele ya macho yako. Ikipungua, barafu. Ndiyo maana mtu makini hugandisha kwanza tone tupu lisilo na fuwele, kama alivyofanya Dokta kwa mzee, aone kama linabaki safi. Kisha unazamisha, haraka, bila mkono kusita. Hata ile hewa baridi inayoelea juu ya naitrojeni ni adui, kwa sababu inaanza kuipoza fuwele polepole kabla haijafika kwenye kimiminika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba ukiipuliza hewa hiyo ikaondoka, kugandisha kunakuwa kwa kasi zaidi na unaweza kutumia glisirini kidogo kuliko kawaida.

Miezi minane ya kutengeneza protini, kuisafisha na kuikuza inaishia kwenye sekunde moja ya kifundo cha mkono. Dokta anasema mwaka wake wa kwanza aliua fuwele mpaka akawa anaziota usiku.

Mzee alikuwa anasikiliza. Akachukua koleo lake, akainua mrija mmoja wa mbegu mpaka shingoni mwa mtungi, akaurudisha upesi. "Ukipita hapa ukachelewa, umeua ndama," akasema. "Humu nasi tunaweka glisirini. Kumbe tunafanya kazi moja."

Na kweli. Mwaka 1949 huko London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligundua kwamba glisirini inazilinda mbegu za kiume zisife zikigandishwa. Kuna tofauti, mbegu hupozwa kwa utaratibu na fuwele hupozwa kufumba na kufumbua, lakini adui ni yule yule, barafu. Kuhusu fuwele za protini, aliyeonyesha wazi kwamba inawezekana kuzipoza hivi ni Håkon Hope, mzaliwa wa Norway aliyekuwa California, kwenye makala yake ya 1988. Ada Yonath wa Israeli akaitumia njia hiyo kwenye fuwele za ribosomu, ambazo kwenye joto la kawaida zilikuwa zinakufa mara tu zikiguswa na mionzi. Mwaka 2009 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1990 akatokea Tsu-Yi Teng na kile kitanzi. Kitanzi, wadau! Uzi na sindano. Nani alimnyima Mwafrika uzi na sindano?

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Kila ninapokwenda kuripoti mikutano ya sayansi, wimbo ni mmoja: hatuna mitambo. Ni kweli, Afrika haina sinkrotroni hata moja. Jirani wa karibu ni SESAME ya Jordan, iliyofunguliwa 2017. Tangu 2015 kuna wanasayansi wanaopigania ijengwe ya kwetu Afrika, na mimi nawaunga mkono. Lakini wimbo huu umegeuka godoro la kulalia. Tunasema hatuna mtambo, basi tusubiri mtambo.

Fuwele iliyogandishwa inalikataa godoro hilo. Kwa nini? Kwa sababu ikishaganda, inasafiri. Kuna mtungi maalumu ambao kuta zake za ndani zinafyonza naitrojeni kama sifongo, hakuna kimiminika kinachomwagika, kwa hiyo hata ndege inakubali kuubeba. Unakaa na baridi yake siku kadhaa, mingine zaidi ya wiki. Unafika Diamond pale Oxfordshire au ESRF pale Grenoble, roboti inazichukua fuwele moja moja na kuziweka mbele ya mionzi, na mwenye fuwele anaendesha zoezi zima kwa intaneti akiwa kwao. Hakuna viza. Hakuna nauli. Watafiti wa Cape Town wamekuwa wakifanya hivi, wengine chini ya mpango wa START ulioendeshwa na Diamond kwa fedha za serikali ya Uingereza mpaka 2021.

Kwa hiyo mtambo unaweza kuwa Ulaya. Kisichoweza kuwa Ulaya ni mkono. Mkono lazima uwe hapa, na baridi lazima iwe hapa.

Fikiria korosho. Miaka yote tunalalamika kwamba tunauza korosho ghafi, wanabangua wenzetu, halafu tunanunua kipakiti kwa bei ya kuruka. Kwenye sayansi ni hivyo hivyo. Tony Allison, aliyekulia Kenya, alipoonyesha mwaka 1954 uhusiano wa seli mundu na malaria, damu ilitoka kwa watu wa Kenya na Uganda. Nampongeza, ni kazi kubwa. Lakini miaka sabini baadaye bado tunapeleka damu. Sisi sampuli, wao picha, wao dawa, na jina letu linatajwa kwenye shukrani mwisho wa makala. Fuwele iliyogandishwa vizuri Dar es Salaam ni korosho iliyobanguliwa. Aliyeigandisha ndiye anayejua swali, ndiye anayepata jibu, na jina lake linakaa mwanzo.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema kompyuta siku hizi inabashiri maumbo ya protini, fuwele za nini? Kweli, AlphaFold ni kazi ya ajabu, na waliohusika walipewa Nobel 2024. Lakini ilijifunza wapi? Kwenye hazina ya maumbo iliyoanzishwa 1971, ambayo sasa ina maumbo zaidi ya 200,000, na mengi yalitokana na fuwele. Na ukitaka kuthibitisha dawa yako imekaaje kwenye tundu la kufuli, bado unarudi kupima. Tena ile njia nyingine mpya inayotumia hadubini ya elektroni, iliyopata Nobel 2017, nayo inaanza kwa kugandisha maji yawe kioo. Ukikimbilia huku baridi, ukikimbilia kule baridi.

Wa pili atasema zahanati hazina dawa, wewe unazungumzia fuwele. Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu nimelala kwenye benchi za hospitali nikimuuguza mdogo wangu. Lakini sijaomba mabilioni. Nimeomba naitrojeni ifike maabara kwa uhakika kama inavyomfikia ng'ombe. Nchi hii imeweza kupeleka mtungi wa nyuzi 196 chini ya sifuri mpaka kijijini kwa pikipiki, ili mfugaji apate ndama wa maziwa. Tunajua kufanya. Ila hatujaona kwamba ni kitu kile kile.

Dokta ameajiriwa kwenye taasisi moja, siitaji. Mtungi anao, alirudi nao mwenyewe. Ombi lake la naitrojeni limerudishwa mara tatu, kwa maelezo kwamba fomu ya manunuzi haina kifungu cha "hewa". Protini alizotengeneza kwa miezi mitano ziliharibika kwenye friza, umeme ulipokatika mwisho wa wiki na jenereta halikuwa na mafuta. Ana vipindi vya kufundisha kila siku, na wanafunzi wake wanachora fuwele ubaoni. Mtungi umekaa kona ya ofisi, mtu ameweka juu yake kalenda na birika la chai. Nimeuona kwa macho yangu.

Nasi waandishi tumo. Dokta akienda Ulaya akashinda tuzo, mhariri wangu ataiweka ukurasa wa mbele, "Mtanzania ang'ara". Akikaa hapa akipigania kifungu kwenye fomu, stori haina waziri.

Jioni ile tukirudi kutoka kwa mzee alinionyesha barua pepe. Maabara moja ya huko huko inamtaka, mkataba wa miaka mitatu, jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akaniuliza, "Wewe kaka ungekuwa mimi?" Nilitaka kumwambia kaa, nchi inakuhitaji. Nikakumbuka lile birika la chai. Nikanyamaza, na mpaka sasa sijamjibu.

Mwezi unaisha Jumatano. Kama yuko msomaji mwenye kauli kwenye fomu za manunuzi, kifungu chenyewe kinaweza kuitwa "naitrojeni ya kimiminika". Maneno matatu tu. Kama hayupo, basi wengine nisaidieni nimjibu nini Dokta.

Ni hayo kwa leo.